Umealikwa Worldcon? Panga Siku Yako Hivi

Swali ni lile lile, maneno tu ndiyo hubadilika. "Nimekubaliwa kushiriki kongamano la bunilizi za kisayansi na fantasia huko Ulaya. Nikishafika, nafanya nini kutwa nzima?" Mwingine huuliza wanalipa kiasi gani. Mwingine, kwa haya kidogo, huuliza avae nini. Najibu yote hapa.

Nitasema zaidi juu ya Worldcon, kongamano la dunia la bunilizi hizo, maana ndiyo mnayoiulizia. Ilianza New York mwaka 1939, na tuzo zake za Hugo, zile za sanamu ya roketi, zilianza 1953. Kila mwaka huhamia mji mwingine: 2024 ilikuwa Glasgow, 2025 Seattle, 2026 ni zamu ya Anaheim huko California, na 2027 ni Montréal. Afrika haijawahi kufika. Mifano yangu mingi ni ya Glasgow, lakini Eastercon, ambayo Waingereza huifanya kila Pasaka, hufuata utaratibu huo huo, ila ni ndogo zaidi.

Msimamo wangu nautoa mapema: mwandishi anayekwenda kuuza vitabu hurudi navyo. Anayekwenda kama msomaji miongoni mwa wasomaji ndiye anayekumbukwa, na kitabu chake hutafutwa baadaye. Ushauri wote unaofuata unatokana na hilo.

Kwanza pesa na karatasi

Worldcon haikulipi. Huendeshwa na watu wa kujitolea, kuanzia mwenyekiti hadi kijana anayekuelekeza chooni, na wanaozungumza majukwaani hununua uanachama wao kama watu wengine wote. Wanaogharimiwa ni wageni wa heshima. Glasgow 2024 mmoja wao alikuwa Nnedi Okorafor. Kongamano likibaki na ziada huweza kuwarudishia washiriki ada waliyolipa. Pesa hiyo usiiweke kwenye bajeti.

Kabla ya kufunga sanduku:

- Omba msaada mapema. Makongamano makubwa mengi huwa na mfuko wa kuwasaidia wanaotoka mbali. Upo pia mpango uitwao Con or Bust, chini ya shirika la Dream Foundry. Fedha hizi huisha mapema, kwa hiyo usingoje viza ndipo uombe.
- Barua ya mwaliko. Itaje jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe na kazi utakayoifanya. Kama unaandika kwa jina la kalamu, barua iyataje majina yote mawili, la sivyo ofisa wa ubalozi atajiuliza wewe ni nani.
- Viza. Ya Uingereza huombwa hadi miezi mitatu kabla ya safari, na kwa kawaida majibu huchukua kama wiki tatu. Omba miezi hiyo inapoanza. Kwa Marekani foleni ya usaili ubalozini inaweza kuwa ndefu zaidi, basi anza siku ile ile unapokubaliwa.
- Tiketi. Usinunue isiyorudishiwa fedha kabla ya viza kutoka. Hili nimelisema sana, na bado watu hulia.
- Biashara. Viza ya mgeni Uingereza haikuruhusu kuwauzia watu bidhaa moja kwa moja. Usipange kumwaga vitabu mezani na kupokea noti. Muuzaji mwenye meza ukumbini ndiye auze, na mapatano yenu myaandike kabla hujasafiri.

Kuhusu chaja: soketi za Uingereza ni zile zile za pini tatu za Kenya, Tanzania na Uganda. Kwa Marekani na Kanada nunua adapta.

Ratiba: omba machache

Miezi kadhaa kabla, waandaaji hukutumia fomu ya mada unazoweza kuzungumzia. Hapa ndipo wengi wetu hukosea mara mbili.

Kosa la kwanza ni kuweka alama kila mahali. Majopo manne kwa siku moja yatakumaliza. Kwa siku, jopo moja, kikao kimoja cha usomaji au kusaini, na mazungumzo ya mezani yanatosha kabisa. Muda unaobaki una kazi yake.

Kosa la pili ni kujiandikisha "Fasihi ya Afrika" halafu basi. Utapangiwa jopo hilo kila siku, na wenzako watakuwa wale wale, mkijibu maswali yale yale. Likubali moja. Yaliyobaki omba kwa unayoyajua: bahari, majahazi na upepo wa kaskazi, majini, tiba, madini, simu na pesa za simu, miji inayokua bila ramani. Mwandishi aliyekulia Lamu ana la kusema zaidi kwenye jopo la meli za angani kuliko mtu ambaye hajawahi kumwona nahodha akisoma mawimbi.

Ratiba ya muda ikifika, isome siku hiyo hiyo. Kukataa kipindi wiki sita kabla hakumuudhi mtu. Kutokuonekana siku yenyewe kunawaudhi wote.

Na saa zenyewe ziangalie vizuri. Ratiba ikisema 10:00 ni saa nne asubuhi, na 16:00 ni saa kumi jioni. Ziandike zote kwenye daftari kwa namna moja, ya kwao au ya kwetu, usizichanganye.

Asubuhi: beji, ramani, chai

Mwezi Agosti Glasgow iko nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa mbili, kwa hiyo siku za mwanzo utaamka alfajiri hata ukichelewa kulala. Tumia muda huo kufanya mazoezi ya kusoma kwa sauti chumbani, kisha:

1. Chukua beji siku moja kabla ya kipindi chako cha kwanza. Foleni ya asubuhi ya ufunguzi si ya kuombea.
2. Tembea kwa miguu hadi kila chumba ulichopangiwa. Jengo la SEC, lilipofanyika kongamano la Glasgow, ni refu, na baadhi ya vyumba huwa hotelini, nje ya jengo kuu. Dakika kumi kwenye ramani huwa ishirini watu wakijaa.
3. Kula kifungua kinywa cha kweli. Kati ya saa sita na saa nane mchana foleni za chakula ni ndefu na bei hazina huruma.
4. Weka begini chupa ya maji, kalamu mbili, daftari, nakala moja ya kitabu chako na kitu cha kutafuna.

Mavazi? Vaa kinachokukaa vizuri na viatu ulivyokwisha kuvizoea. Utapishana na watu waliovaa mabawa, kofia za chuma na mikia, na mhariri maarufu aliyevaa fulana iliyopauka. Suti si lazima. Kitenge au kanzu ni sawa kabisa, ila ujiandae kuulizwa kama ni vazi la mhusika fulani. Jibu kwa upole kwamba ni nguo zako za kila siku.

Jopo: saa moja inayokujenga au kukuharibia

Jopo huwa na watu wanne au watano, mmoja akiwa msimamizi. Wiki chache kabla, msimamizi huwaandikia wote. Mjibu. Mwambie mambo mawili ambayo ungependa kuyagusa na moja ambalo hutaki kuulizwa.

Siku yenyewe fika kwenye chumba cha mapumziko cha washiriki robo saa kabla. Hapo ndipo mnapoonana, mnakubaliana jinsi ya kutamka majina, na msimamizi anawaeleza atakavyoanza. Kisha mnaingia pamoja. Mbele yako kutakuwa na kibao cha karatasi chenye jina lako, jagi la maji, na maikrofoni ambayo mara nyingi mnaigawana wawili. Geuza kibao kiwatazame watu, maana huwa kinaelekea upande wako. Nakala moja ya kitabu iliyosimamishwa kando ya kibao haina tatizo. Nakala tano zilizopangwa kama ukuta ni kichekesho, na watu wa ukumbi huo wamekwisha kuuona ukuta huo mara nyingi.

Kuhusu maikrofoni nasisitiza. Usiseme "sauti yangu kubwa, sihitaji." Ukumbini kuna watu wanaotumia vifaa vya kusikia vilivyounganishwa na mfumo wa sauti, na anayezungumza bila maikrofoni amewatoa nje ya mjadala. Isogeze karibu na mdomo, iwe umbali wa kiganja, useme taratibu. Lafudhi yako haina shida. Kasi ndiyo yenye shida.

Ya kufanya:

- Jitambulishe kwa sentensi mbili: unaandika nini, na kwa nini uko kwenye jopo hili. Historia ya maisha iache.
- Taja kitabu cha mtu mwingine kabla ya kutaja chako. Wasikilizaji huandika majina ya vitabu kwenye daftari zao, na humwamini zaidi anayewapendekezea kazi isiyo yake.
- Jibu alichosema mwenzako. Mjadala ni kupokezana.
- Mtu wa ukumbini akianza kuhutubia badala ya kuuliza, mwachie msimamizi. Ndiyo kazi yake.

Ya kuacha:

- Kila jibu kuanza na "katika riwaya yangu". Huko ni kujipigia debe, na baada ya mara ya tatu watu huanza kutazama simu.
- Kulisemea bara zima. Ukiulizwa "Waafrika wanaonaje?", sema unavyoona wewe, mtu wa Mwanza, Goma au Mombasa.
- Kulalamikia tafsiri, wachapishaji au nauli dakika zote hamsini. Lalamiko moja lenye uzito linatosha.

Swali moja utaulizwa kwa hakika: je, Waswahili wana fantasia? Usilijibu kwa kujitetea. Njoo na majina. Shaaban Robert alichapisha *Kusadikika* mwaka 1951, habari za nchi iliyo angani. Katama Mkangi aliandika *Walenisi*, 1995, ambamo mtu hupelekwa sayari nyingine. Said Ahmed Mohamed akatoa *Babu Alipofufuka* mwaka 2001. Yaandike majina hayo kwenye karatasi yenye herufi kubwa uyaonyeshe, maana hakuna mzungumzaji wa Kiingereza atakayeweza kuyaandika kwa kuyasikia tu.

Kusoma kwa sauti

Ukipewa nusu saa, usisome nusu saa. Soma dakika kumi na mbili hivi, zungumza tano, ruhusu maswali. Chagua kipande kisichohitaji maelezo marefu kabla yake. Ukihitaji dakika nne kueleza nani ni nani, umechagua vibaya.

Anza na aya moja ya Kiswahili kama ulivyoiandika, kisha endelea kwa tafsiri. Watu hunyamaza kweli kweli kwa aya ile, na wengi huja kukuuliza habari zake baadaye. Aya moja tu lakini. Mbili ni mtihani kwao. Chapisha maandishi kwa herufi kubwa kwenye karatasi, kwa kuwa simu huzimika na taa za vyumba vingine ni hafifu.

Wakija watu sita, wasomee hao sita kwa moyo wote. Vyumba vya usomaji wakati mwingine huwa na watu watatu, hata kwa wenye majina.

Kusaini vitabu

Jiandae kwa hili: utaketi kwenye meza moja na mwandishi ambaye foleni yake imezunguka ukumbi, wakati yako haina mtu. Ni jambo la kawaida na wote wanalijua. Usishike simu, usikunje uso. Zungumza na walio kwenye foleni ya jirani, wamechoka kusimama na wanapenda mtu wa kuongea naye. Mpe kila mmoja alamisho lenye jina la kitabu chako.

Anapokuja msomaji:

- Uliza kama anataka jina lake liandikwe. Wakusanyaji wengine hutaka sahihi peke yake.
- Uliza herufi za jina hata kama ni John. Kuna Jon pia.
- Ongeza neno la Kiswahili. "Karibu" inatosha, wanalipenda.
- Akileta vitabu vingi, fuata idadi iliyowekwa na waandaaji, kisha mwambie arudi mwisho wa foleni.

Mazungumzo ya mezani

Hiki ndicho kipindi ninachokipenda kuliko vyote, na wageni wengi hukiogopa. Wasomaji wachache, kama kumi hivi, hujiandikisha kukaa nawe kwenye meza moja kwa saa nzima. Hakuna jukwaa wala msimamizi. Wewe ndiye mwenyeji, basi fanya anavyofanya mwenyeji: uliza kila mtu anatoka wapi na anasoma nini sasa. Baada ya hapo mazungumzo hujiendesha.

Peleka kitu kidogo cha nyumbani kilichofungwa vizuri. Karanga, korosho na kashata ziache, mzio wa karanga huko si mzaha. Ubuyu wa Zanzibar hupendwa, ila utapaka vidole vya watu rangi nyekundu, na vidole hivyo vitashika kitabu chako. Leta tishu.

Ukumbi wa wauzaji na wahariri

Vitabu ishirini vya kurasa mia mbili na hamsini vina uzito wa kilo sita hivi. Usibebe zaidi. Siku ya kwanza mpelekee muuzaji mliyekubaliana, mkiandikiana idadi, bei na sehemu yake. Siku ya mwisho chukua hesabu kabla ukumbi haujafungwa, maana jioni ile watu hupakia haraka na kuondoka.

Kwa wahariri na mawakala:

- Usimpe mtu mswada mkononi. Hataubeba kwenye ndege.
- Usimfuate anapokula, na kwa hisani yako usimfuate chooni.
- Uwe na sentensi moja ya kukieleza kitabu. Akitaka zaidi atauliza, nawe mpe kadi ya mawasiliano.
- Nyuma ya kadi yake andika mlipoonana na mlichoongea. Kesho kutwa hutakumbuka.

Jioni

Jioni kuna karamu za miji inayogombea Worldcon zijazo, onyesho la mavazi, muziki, na usiku mmoja wa tuzo za Hugo. Hudhuria tuzo hata kama hugombei chochote. Wanaozipigia kura ni wanachama, si kamati ya maprofesa, na hata wewe ukiwa mwanachama una kura.

Baa ya hoteli ndiyo sebule ya kongamano. Usipokunywa pombe, kaa na juisi yako, hakuna atakayekusumbua. Kwa sala, uliza dawati la maelezo kuhusu chumba cha utulivu.

Mambo ya adabu hayana mjadala: usimpige mtu picha bila ruhusa, usimguse aliyevaa vazi la mhusika, usizibe njia za viti vya magurudumu, na soma kanuni za maadili za kongamano kabla hujaenda. Nawe ukisumbuliwa, ripoti. Wapo watu maalumu wa kazi hiyo.

Wazoefu wana kanuni yao ya kila siku: angalau saa tano za usingizi, milo miwili, kuoga mara moja. Kwa mtu wa Pwani kuoga mara moja ni adhabu, lakini mengine yashike. Mafua ya baada ya kongamano hayakwepeki kwa urahisi, barakoa si aibu.

Mashaka mnayoniletea

*"Mimi naandika Kiswahili tu."* Kazi iliyotoka kwanza kwa lugha nyingine huweza kushindania Hugo tena mwaka inapotoka kwa Kiingereza. Riwaya ya Liu Cixin, *The Three-Body Problem*, ilishinda 2015 kwa tafsiri ya Ken Liu, miaka kadhaa baada ya kutoka Kichina. Unachohitaji ni sura moja iliyotafsiriwa vizuri, na kujua nani anamiliki haki za tafsiri. Soma mkataba wako kabla ya safari. Wengi hawaujui, na mhariri akiuliza hubaki wakitumbua macho.

*"Kiingereza changu kibovu."* Worldcon imefanyika Helsinki 2017 na Chengdu 2023, na wengi wanaokuja Kiingereza si lugha yao. Omba swali lirudiwe. Chukua sekunde tano kabla ya kujibu.

*"Nauli sina."* Glasgow 2024 ilikuwa na uanachama wa mtandaoni, na wapo waliozungumza majoponi wakiwa nyumbani kwao. Uliza mapema kama kongamano unalolitaka lina utaratibu huo, na hakikisha una intaneti ya kuaminika na pa kukimbilia umeme ukikatika.

*"Nikirudi je?"* Ndani ya wiki moja waandikie wote waliokupa kadi zao, mistari mitatu kila mmoja. Mshukuru msimamizi wa jopo kwa jina. Yeye ndiye atakayependekeza uitwe tena.

Waandaaji wa makongamano ya mwaka ujao hukusanya majina miezi mingi kabla. Tafuta fomu yao wiki hii, ijaze, na penye nafasi ya mada usiandike "Afrika" peke yake.